Kwa nini shirika la ndege lisinunue madege makubwa tu? Hesabu ya viti, pangaboi na jeti ndogo



Mnakumbuka mwaka 2016 serikali ilipoleta zile Bombardier Q400 mbili za ATCL? Maneno yalikuwa mengi. Kuna waliofurahi, na kuna waliozibeza wakaziita "pangaboi" kwa sababu zina mapanga ya nje kama feni ya sebuleni. Baadaye ikaja Dreamliner, zikaja Airbus A220, zikaja Boeing 737 MAX, na kila mara mjadala kijiweni ni ule ule: hii ndege ni kubwa, hii ni ndogo, wenzetu wana kubwa kuliko sisi.

Mimi si rubani wala injinia. Nimemaliza kidato cha sita, napiga deiwaka ya kuandika huku na kule, ila hii ishu ya ndege naifuatilia sana. Nikaona leo niwape darasa fupi: shirika linajuaje ndege ipi iende wapi? Na kwa nini jeti ya viti 76 au 100 inaweza kuingiza mshiko pale ambapo dege la viti 160 linakula hasara? Tusichukulie poa, maana ATCL ni hela ya mlipa kodi, na nauli tunalipa sisi wenyewe.

TUANZE NA DALADALA

Kila mtu hapa anaijua hesabu ya tajiri. Dereva akichukua gari asubuhi, jioni lazima apeleke hesabu, gari liwe limejaa au halikujaa. Mafuta nayo yanaliwa vile vile. Sasa chukua Coaster uipeleke ruti ya mtaani yenye abiria wachache. Utasubiri kituoni mpaka watu washuke kwa hasira. Hiace ingejaza na kuondoka, ikarudi, ikapiga tripu nyingine. Lakini Hiace hiyo hiyo ukiipeleka Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, umewaacha watu barabarani na hela yao mkononi.

Ndege ni hivyo hivyo, ila kuna gharama mbili ambazo lazima uzitenganishe kichwani. Ya kwanza ni gharama ya tripu nzima: mafuta, marubani, wahudumu, ada ya kutua, matengenezo, hela ya kukodi au mkopo wa ndege. Ya pili ni gharama ya kiti kimoja, yaani ile ya kwanza ukiigawa kwa idadi ya viti.

Mchezo wote upo hapa: ndege kubwa kwa kawaida ina gharama ndogo kwa kiti, lakini ina gharama kubwa kwa tripu. Ndege ndogo ni kinyume chake.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni zangu za kufundishia tu, msizichukue kama ndizo za shirika fulani. Tuseme ndege kubwa ina viti 150 na tripu moja inakula shilingi milioni 15. Ndogo ina viti 75 na tripu inakula milioni 9. Kwa kiti, kubwa ni 100,000 na ndogo ni 120,000. Ukiishia hapo utasema kubwa ndiyo nafuu.

Sasa weka nauli 160,000 na abiria 60. Mapato ni milioni 9.6. Ndege kubwa imekula hasara ya milioni 5.4. Ndogo imebaki na faida ya laki sita. Abiria ni wale wale, nauli ile ile, siku ile ile.

Geuza sasa. Wakija abiria 120, mapato ni milioni 19.2 na ndege kubwa inapata faida ya milioni 4.2. Ndogo inabeba 75, inapata milioni 12, faida milioni 3, na watu 45 wameachwa. Ikirudia tripu ya pili iwabebe hao 45, jumla ya faida inashuka mpaka milioni 1.2.

Kwa hiyo kabla hujauliza ndege ipi ni nzuri, uliza kwanza ruti hiyo ina watu wangapi kwa siku, na wanataka kusafiri saa ngapi. Kiti kikiondoka kitupu hakiuzwi tena. Si kama mchele kwamba utauza kesho.

FASTJET WALILIONA HILI HAPA HAPA BONGO

Mfano halisi tunao. Fastjet walianza kuruka Tanzania Novemba 2012 wakitumia Airbus A319 zenye viti 156. Walianza na Dar kwenda Kilimanjaro na Dar kwenda Mwanza. Tangazo la nauli kuanzia shilingi 32,000, kabla ya kodi, lilitikisa mji. Watu ambao hawajawahi kupanda ndege walipanda.

Lakini viti 156 ni vingi, na lazima uvijaze asubuhi, mchana na jioni, Jumanne ya mvua kama ilivyo Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mwaka 2016 kampuni ikabadili gia: ikaanza kuachana na A319 na kuleta Embraer E190 zenye viti 104. Hiyo ni theluthi moja ya viti imeondolewa.

Angalia maana yake. Abiria 80 ndani ya A319 ni kama asilimia 51 tu ya viti. Abiria hao hao 80 ndani ya E190 ni asilimia 77. Isitoshe E190 ni nyepesi, na ada za kutua na za kuongozwa angani kwa kawaida hutozwa kwa uzito wa ndege. A319 inaweza kufika tani 75 wakati wa kupaa, E190 ni kama tani 50.

Je, iliwaokoa? Hapana. Fastjet Tanzania ilisimama mwishoni mwa 2018, ikiwa na matatizo mengine ikiwemo madeni. Saizi sahihi ya ndege haifuti deni la jana. Ila ule uamuzi wa kushuka saizi unaonyesha soko letu la ndani lilivyo: abiria wapo, ila kwenye ruti nyingi hawafiki 150 kwa kila tripu.

PANGABOI AU JETI?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani pangaboi ni ndege ya kizamani. Si kweli. Ndani ya pangaboi ya kisasa kuna injini ya jamii ile ile ya jeti, tofauti ni kwamba nguvu yake inazungusha mapanga ya nje. Kwa mwendo wa chini kidogo na safari fupi, mapanga yanakula mafuta kidogo zaidi.

Tupige hesabu ya muda. Q400 inakwenda kama kilomita 660 kwa saa, A220 kama 830. Dar mpaka Kilimanjaro ni kama kilomita 450 kwa mstari ulionyooka. Q400 inatumia dakika 41, A220 dakika 33, ukiacha muda wa kupaa na kushuka. Tofauti ni dakika nane! Muda huo unaumaliza ukisubiri begi lako.

Lakini Dar mpaka Johannesburg ni kama kilomita 2,400. Hapo Q400 ingekaa angani karibu dakika 45 zaidi ya A220. Ukiongeza safari ya kurudi ni saa moja na nusu, na ndani ya saa moja na nusu ndege ingekuwa imeshafanya tripu nyingine ya ndani. Kwenye ruti ndefu mwendo ni hela, kwenye fupi mafuta ndiyo hela.

Ruti fupi kabisa, kama Dar na Zanzibar, ni kama kilomita 75 tu. Jeti haijamaliza kupanda inaanza kushuka. Injini zina sehemu ambazo maisha yake yanahesabiwa kwa idadi ya kupaa na kutua, kwa hiyo ruti kama hiyo inazila injini bila kuingiza hela ya maana. Ndiyo maana pale utaona Cessna Caravan za viti kama 12 na ATR za Precision Air.

Halafu kuna uwanja wenyewe. Q400 ikiwa na mzigo kamili inahitaji kama mita 1,400 za kupaa, A220-300 inahitaji karibu mita 1,900. Hizo ni namba za usawa wa bahari kwenye hali ya hewa ya wastani. Sasa miji yetu mingi ya bara iko juu ya mita 1,000: Dodoma, Mwanza, Arusha. Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600. Juu huko hewa ni nyepesi, na ikichanganyika na jua la mchana, ndege inahitaji mbio ndefu zaidi au inapunguza abiria na mzigo. Ndiyo sababu Bukoba, Songea na Mpanda ukisikia ATCL inakwenda, jua ni Q400. Hata abiria wangekuwa wengi, uwanja una kauli yake.

JETI NDOGO INAINGIA WAPI?

Jeti ndogo ni ngazi ya katikati. Ruti ni ndefu mno kwa pangaboi, lakini abiria ni wachache mno kwa ndege ya viti 160 na kuendelea. Afrika imejaa ruti za namna hiyo. Angalieni majirani:

Kenya Airways wanatumia Embraer E190 zenye viti 96 kwa safari nyingi za Afrika. Wao kazi yao kubwa ni kukusanya abiria kutoka miji mbalimbali, kuwaleta Nairobi na kuwagawa tena. Abiria anayetoka Lusaka kwenda Ulaya anataka kufika Nairobi karibu na muda wa ndege yake, hataki kulala uwanjani. Kwa hiyo bora ndege ndogo mara mbili kwa siku kuliko kubwa moja. Wafanyabiashara nao wanataka kwenda asubuhi warudi jioni, na hao ndio wanaolipa nauli nzuri.

Uganda Airlines walipoanza upya Agosti 2019 walianza na CRJ900 zenye viti 76, wakiruka kutoka Entebbe kwenda Nairobi, Juba, Bujumbura, Dar na kwingineko. Shirika jipya halina wateja wa kudumu. Ukianza na viti 76 unajaribu ruti kwa hasara ndogo. Ikikubali unaongeza tripu, ikigoma unaondoka bila kufilisika. RwandAir nao walichukua CRJ900 mbili mwaka 2012.

ATCL wakachukua Airbus A220-300 yenye viti 132. Ya kwanza ilitua Desemba 2018, na ATCL ndiyo iliyokuwa shirika la kwanza Afrika kuirusha. Ni kubwa kuliko E190, lakini ina sifa moja: inaweza kuruka mbali, zaidi ya kilomita 6,000. Asubuhi inaweza kwenda Mwanza na kurudi, mchana ikaenda Lusaka na Harare. Ndege inapata hela ikiwa angani tu. Ikilala chini, mkopo na bima vinaendelea kuhesabu.

Na msisahau msimu. Desemba watu wa Kaskazini wanapopanda kwenda Moshi kula Krismasi, ruti ya Kilimanjaro inakuwa nyingine kabisa. Shirika lenye saizi mbili za ndege linaweza kuweka jeti wiki hizo, kisha Februari likarudisha pangaboi. Lenye saizi moja litaachia hela mezani Desemba au litabeba viti vitupu Februari.

DEGE KUBWA KULIKO SOKO

Upande wa pili wa sarafu tumeuona Kenya. Kati ya 2013 na 2014 Kenya Airways walipokea Boeing 777-300ER tatu, dege la viti karibu 400. Abiria wa kulijaza kila siku hawakupatikana kama ilivyotegemewa: kulikuwa na Ebola Afrika Magharibi, hofu ya usalama na ushindani mkali wa mashirika ya Ghuba. Shirika likapata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7 mwaka wa fedha 2014/15, na bilioni 26.2 mwaka uliofuata. Hasara hiyo ilikuwa na sababu nyingi, si ndege hizo tu. Lakini mwaka 2016 777 zote tatu zilikodishwa kwa Turkish Airlines, na Kenya Airways wakabaki na Dreamliner, ambayo ni ndogo zaidi, kwa safari za mbali. Embraer ziliendelea na kazi yao ya kila siku.

AINA NYINGI, SPEA NYINGI

Sasa mtu atauliza: kama kila ruti ina saizi yake, si tununue kila aina? Hapana mzee. Kila aina ya ndege ina marubani wake, mafundi wake, spea zake na mashine yake ya kufundishia marubani. Rubani wa Q400 hawezi kuingia kwenye A220 kesho asubuhi, lazima akasome na kufanyiwa mtihani. Kwa hiyo rubani mmoja wa Q400 akiugua, rubani wa A220 aliyepo nyumbani hasaidii kitu.

Ndiyo maana mashirika yenye akili yanatafuta ndege ndugu. Embraer 170 na 190 zinafanana kiasi kwamba rubani anatumia leseni ya aina moja. Airbus A319, A320 na A321 hivyo hivyo. Unapata saizi tofauti bila kuongeza chuo na stoo. Jambojet wa Kenya walianza 2014 na Boeing 737, baadaye wakahamia Q400 tupu. Aina moja, mafundi wa aina moja.

ATCL yetu ina Q400, A220, 737 MAX 9 (viti 181), 787-8 (viti 262) na 767 ya mizigo. Ukihesabu hizo ni aina tano, kwa shirika lisilofika ndege 20. Kila moja ukiitazama peke yake ina kazi inayoeleweka. Zikiwa pamoja, gharama ya kuzitunza inapanda.

Na aina moja ikiugua ndipo mnajua. Injini za Pratt & Whitney za A220 zilianza kuchoka mapema kuliko ilivyotegemewa, dunia nzima, na foleni ya karakana ikawa ndefu. Novemba 2022 ATCL ikatangaza kupunguza safari kwa sababu hiyo. Hapo ndege ya viti 132 ikikosekana unafanyaje? Ukiweka Q400 ya viti 76 unaacha watu. Ukiweka dege kubwa unachoma mafuta kubeba viti vitupu. EgyptAir wao walichoka kabisa: walikuwa na A220 kumi na mbili, mwaka 2024 wakaziuza zote kwa kampuni ya kukodisha ndege ya Marekani.

Ripoti za CAG zilionyesha hasara ya ATCL kupanda kutoka shilingi bilioni 56.6 mwaka wa fedha 2022/23 hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24, na ndege kukaa chini kwa ajili ya injini ni moja ya sababu zilizotajwa. Kwa hiyo saizi sahihi kwenye karatasi haitoshi. Lazima iwe ndege inayoruka.

Kingine cha kuangalia ni kama ndege hiyo bado inatengenezwa. CRJ ya mwisho ilitoka kiwandani na kukabidhiwa mwaka 2021. Utengenezaji wa Q400 mpya nao ulisimamishwa mwaka huo huo. Spea zitakuwepo kwa miaka mingi, lakini anayetaka ndege mpya ya saizi hii anatazama zaidi ATR kwa upande wa mapanga, na kwa jeti anatazama A220 au Embraer kizazi cha pili, kama zile E195-E2 za viti 124 ambazo Air Peace wa Nigeria walianza kupokea 2021.

SIKU NYINGINE WAKITANGAZA NDEGE MPYA, ULIZA HAYA

1. Itakwenda ruti zipi, na ruti hizo zina abiria wangapi kwa siku hivi sasa?
2. Ikijaa nusu tu, italipa gharama ya tripu?
3. Viwanja vya huko vinaipokea ikiwa imejaa, mchana wa jua kali?
4. Marubani na mafundi wake tunao, au tunaanza upya?
5. Injini ikileta kimeo, ndege gani itachukua nafasi yake siku hiyo hiyo?

Anayekujibu maswali haya matano amepiga hesabu. Anayekujibu "ni kubwa kuliko ya jirani" bado hajaanza.

Na zile pangaboi tulizozicheka 2016? Kila siku zinapeleka watu Bukoba na Songea. Dreamliner na ukubwa wake wote haiwezi hata kujaribu.

Naomba kuwasilisha. Mwenye nyongeza, hasa mafundi na wahudumu wa ndege mnaopita humu kimya kimya, tumwagieni data hapo chini. Matusi hapana, hoja ruksa.